Soketi na ishara katika PostgreSQL: mwongozo kamili kwa anayesimamia seva

Ukurasa mmoja unaotuma kweri 200, moja baada ya nyingine, kwa seva iliyo umbali wa milisekunde 150 kwenda na kurudi, utamsubirisha mtumiaji sekunde 30. Ukiingia kwenye seva yenyewe utaona imetulia: prosesa haina kazi, diski haina kazi, kila kweri imeisha ndani ya milisekunde moja. Hapo ndipo watu huanza kuongeza RAM na kubuni indeksi mpya. Hali ikizidi kuwa mbaya, mtu huupiga mchakato `kill -9`, amri ya kuua mchakato papo hapo, na kilichokuwa uzito kinageuka ajali.

Mwongozo huu ni wa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, toleo la 14 na kuendelea, kwenye Linux. Unashika mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali: soketi, yaani njia ya data kati ya seva na klayenti (programu inayoiuliza seva), na ishara, yaani amri fupi ambazo kerneli, kiini cha Linux, huzifikisha kwa mchakato. Nayaweka pamoja kwa sababu mchakato wa PostgreSQL huishi muda mwingi ukisubiri kwenye soketi, na chochote unachotaka kuuambia kwa ishara lazima ukisikie ukiwa katika kusubiri huko. Asiyeelewa upande mmoja atauharibu mwingine.

Hatua ya 1: Uliza kila mchakato unasubiri nini

PostgreSQL huzaa mchakato mmoja kwa kila muunganisho. Mchakato mzazi, uitwao postmaster, hukaa kwenye poti 5432. Klayenti ikibisha, mzazi hupokea na kuzaa mtoto wa kuihudumia mpaka iondoke. Kwa hiyo kila mstari unaouona kwenye `pg_stat_activity`, orodha ya ndani ya michakato ya seva, ni mchakato halisi wenye pid, yaani namba yake ya utambulisho:

```
SELECT pid, state, wait_event_type, wait_event,
       now() - state_change AS muda, client_addr
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
ORDER BY state_change;
```

Soma safu wima mbili kwa pamoja, `state` na `wait_event`. Ukiona `idle` na `ClientRead`, seva inasubiri klayenti iseme kitu, hakuna tatizo. Ukiona `idle in transaction` na `ClientRead`, simama hapo hapo: klayenti imefungua muamala ikaondoka, na muamala huo bado umeshikilia kufuli zake na unaizuia vacuum, kazi ya usafi ya PostgreSQL, kuondoa safu za data zilizokufa. Ukiona `active` na `ClientWrite`, seva ina majibu mkononi lakini hayapiti, ama kwa sababu mtandao ni mwembamba au kwa sababu programu ya upande wa pili haisomi. Na `active` yenye `wait_event` tupu mara nyingi maana yake prosesa inafanya kazi kweli. Huko ndiko pa kutafuta indeksi.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu inaokoa siku nzima. Ikiwa michakato mingi iko `ClientWrite`, hakuna mpangilio wowote wa kumbukumbu utakaosaidia.

Hatua ya 2: Utenge mtandao na hifadhidata, kisha upime

`pg_stat_statements`, kiendelezi cha takwimu za kweri, huhesabu muda uliotumika ndani ya seva tu. Safari ya mtandaoni haimo. Ili uione, fanya jaribio lile lile kwa pgbench, zana ya PostgreSQL ya kupima kasi, kwa njia mbili, la kwanza ukiwa kwenye seva kupitia soketi ya Unix, la pili ukiwa kwenye mashine inayoendesha programu yako:

```
pgbench -i -s 10 jaribio
pgbench -S -c 1 -T 30 -h /var/run/postgresql jaribio
pgbench -S -c 1 -T 30 -h 10.0.0.5 jaribio
```

Tumia `-c 1`, klayenti moja peke yake. Klayenti zikiwa nyingi, safari zao hupishana na uchelewaji wa mtandao hufichwa na wingi wa kazi. Kwa klayenti moja, tofauti ya wastani kati ya majaribio hayo mawili karibu yote ni mtandao.

Hapa wengi hukimbilia kuzima kanuni ya Nagle, ile iliyoelezwa mwaka 1984 ya kuchelewesha pakiti ndogo ili zikusanyike. Kwa PostgreSQL hiyo ni kazi iliyokwisha fanywa: seva huweka `TCP_NODELAY`, mpangilio unaoizima Nagle, kwenye kila muunganisho wa TCP, na libpq, maktaba ya C ya PostgreSQL, hufanya vivyo hivyo upande wa klayenti. Ukiona ucheleweshaji unaojirudia wa takriban milisekunde 40, kagua kilicho katikati: proksi, au maktaba ya lugha unayotumia ambayo haikujengwa juu ya libpq. Milisekunde 40 ndiyo alama ya Linux inapochelewesha uthibitisho wa pakiti, na ikikutana na Nagle upande wa pili, kila mmoja humsubiri mwenzake.

Dawa halisi ni kupunguza safari. Kweri 200 za kutafuta mteja mmoja mmoja zinaweza kuwa moja yenye `WHERE id = ANY($1)`. Kuingiza safu elfu moja kwa `INSERT` elfu moja ni mateso. Tumia `INSERT` yenye safu nyingi, au `COPY`. Kama kweri zinatofautiana kiasi kwamba huwezi kuziunganisha ila hazihitaji kusubiriana, libpq ya toleo la 14 ilileta hali ya pipeline: unatuma nyingi mfululizo kisha unasoma majibu kwa mpangilio. Na kama programu iko kwenye mashine ile ile na hifadhidata, acha TCP kabisa, tumia soketi ya Unix.

Majibu makubwa yana hesabu yake. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde wenye safari ya milisekunde 150 unahitaji takriban MB 1.9 ziwe njiani kwa wakati mmoja ili ujae. Linux hupanua bafa zenyewe hadi kikomo cha tatu cha `net.ipv4.tcp_wmem` kwa anayetuma na `net.ipv4.tcp_rmem` kwa anayepokea. Hakikisha vikomo hivyo havijabanwa, basi. Kuna jingine ambalo huwasumbua wanaotumia miunganisho ya kudumu: muunganisho ukikaa kimya kidogo, Linux huurudisha kwenye mwendo wa kuanzia, hivyo kila ripoti kubwa huanza kwa kutambaa. Kwenye njia ndefu, hili hubadilika kwa:

```
sysctl -w net.ipv4.tcp_slow_start_after_idle=0
```

Thibitisha kwa `ss -tin 'sport = :5432'`. Tazama `rtt` (muda wa kwenda na kurudi), `cwnd` (pakiti zinazoruhusiwa kuwa njiani) na `retrans` (pakiti zilizotumwa tena). Kama `retrans` inapanda, pakiti zinapotea njiani na suluhisho haliko kwenye seva yako.

Hatua ya 3: Kagua foleni ya mlangoni

Kabla postmaster haijapokea muunganisho, kerneli huuweka kwenye foleni. PostgreSQL huomba foleni yenye urefu wa takriban mara mbili ya `max_connections` (idadi ya juu ya miunganisho), lakini kerneli huikata kwa `net.core.somaxconn`. Kikomo hicho kilikuwa 128 hadi Linux 5.4 ilipokipandisha kuwa 4096. Seva ya zamani yenye `max_connections` ya 500 inaweza basi kuwa na foleni ya 128 bila wewe kujua.

```
ss -ltn 'sport = :5432'
nstat -az TcpExtListenOverflows TcpExtListenDrops
```

Kwa soketi inayosikiliza, `Recv-Q` ni waliomo kwenye foleni sasa na `Send-Q` ni urefu wake. `ListenOverflows` ikipanda kila asubuhi watu wanapoingia kazini, foleni inafurika na klayenti zinaona kuchelewa kuunganishwa. Usiichanganye hali hii na ujumbe `sorry, too many clients already`. Huo hutolewa na PostgreSQL yenyewe, baada ya muunganisho kupokelewa.

Kurefusha foleni ni nusu ya kazi. Kuzaa mchakato kwa kila ombi ni gharama, na programu inayofungua na kufunga muunganisho kwa kila ukurasa itakuchosha milele. Weka PgBouncer, programu inayogawia klayenti nyingi miunganisho michache, katikati, na uache `max_connections` ibaki ndogo.

Hatua ya 4: Ondoa miunganisho iliyokufa

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kebo inapokatika, hakuna pakiti ya kuaga. Seva iliyoko Ulaya na programu iliyoko Dar es Salaam kila moja huendelea kuamini kwamba mwenzake yupo. Hali hiyo hiyo hutokea kwa udogo kila siku: modemu imezimwa, au ruta imesahau muunganisho uliokaa kimya.

Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, muunganisho ulio kimya huanza kuchunguzwa baada ya sekunde 7200, saa mbili kamili, kisha majaribio 9 kila baada ya sekunde 75. Saa mbili ni muda mrefu mno kwa muamala ulioshika kufuli kwenye jedwali la malipo. Weka hivi kwenye `postgresql.conf`:

```
tcp_keepalives_idle = 60
tcp_keepalives_interval = 10
tcp_keepalives_count = 6
tcp_user_timeout = '110s'
client_connection_check_interval = '10s'
idle_in_transaction_session_timeout = '5min'
```

Mitatu ya kwanza inashughulikia muunganisho ulio kimya: sekunde 60 za ukimya, kisha majaribio 6 ya sekunde 10, jumla dakika mbili. `tcp_user_timeout` inashughulikia hali nyingine kabisa, ya data iliyokwisha tumwa ambayo haijathibitishwa. Keepalive, yaani majaribio hayo ya kuchunguza ukimya, haifanyi kazi hapo, na bila kikomo hiki Linux hurudia kutuma kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Nimeiweka chini kidogo ya zile dakika mbili kwa makusudi, kwa kuwa kwenye Linux kikomo hiki kikiwekwa ndicho huamua pia keepalive ife lini. Viwili vikitofautiana sana utapata tabia usiyoitarajia.

`client_connection_check_interval`, iliyokuja na toleo la 14, ndiyo ninayoipenda kuliko zote hapa. Mchakato ulio katikati ya kweri nzito hausomi soketi. Mtumiaji akifunga kivinjari, ripoti ya dakika 40 huendelea kupikwa mpaka iishe, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Ukiiwasha, mchakato huchungulia soketi kila baada ya muda uliotaja, na ukikuta upande wa pili umefunga, unaacha kazi. Kwa kawaida imezimwa.

Mipangilio hii yote hupokelewa bila kuzima seva: `SELECT pg_reload_conf();`. Amri hiyo hutuma SIGHUP, ishara ya kusoma mipangilio upya, kwa postmaster, ambayo nayo huisambaza kwa watoto. Kabla ya kuitoa, angalia `pg_file_settings` kama kuna mstari wenye kosa, na baadaye angalia safu wima ya `pending_restart` kwenye `pg_settings`. Mpangilio kama `listen_addresses` hausikii SIGHUP, unataka seva iwashwe upya.

Hatua ya 5: Elewa jinsi mchakato unavyosikia ishara

Sehemu hii haina amri ya kuandika, ila zinazofuata haziwezi kueleweka bila hiyo.

Ishara inaweza kufika wakati wowote, hata katikati ya kubadilisha kumbukumbu ya pamoja, RAM inayotumiwa na michakato yote. Kama kazi ya kufuta ingefanyika pale pale, ingeacha kumbukumbu nusu imebadilishwa. Kwa hiyo kishughulikia ishara cha PostgreSQL hufanya jambo dogo sana: huinua bendera, mfano `QueryCancelPending` au `ProcDiePending`, na kurudi. Msimbo wa kawaida huikagua bendera hiyo kwenye sehemu salama, kupitia `CHECK_FOR_INTERRUPTS()`. Ndiyo maana kweri iliyofutwa haifi papo hapo, na ndiyo maana kiendelezi kilichoandikwa kwa C kikiwa na kitanzi kirefu kisichokagua bendera hakiwezi kusimamishwa kwa adabu. Ukiandika kiendelezi, weka ukaguzi huo ndani ya kila kitanzi kirefu.

Tatizo gumu zaidi ni pale mchakato unapolala kwenye soketi. Tuseme umekagua bendera, iko chini, unataka kulala. Kati ya kukagua na kulala, ishara inafika na bendera inainuka. Mchakato unalala bila kujua, na hautaamka mpaka klayenti iseme kitu, jambo ambalo huenda lisitokee kamwe. Jibu la miaka mingi lilikuwa mfereji mdogo ambao mchakato hujiandikia wenyewe baiti moja ishara ikifika. Mfereji huo ukisubiriwa pamoja na soketi, ishara haiwezi kupotea. Toleo la 9.6 lilileta epoll, njia ya kerneli ya kusubiri vitu vingi kwa pamoja, kwenye Linux, likaondoa msongamano uliokuwa ukionekana kwenye mashine zenye prosesa nyingi. Toleo la 14 likauacha mfereji na kutumia signalfd, ambapo ishara yenyewe husomwa kama faili na kusubiriwa na epoll sambamba na soketi. Ukiona SIGURG kwenye strace, zana ya kufuatilia mchakato, usishtuke. Ndiyo ishara inayotumika kuuamsha mchakato.

Hatua ya 6: Simamisha kweri moja bila kuangusha wengine

Kuna daraja mbili. Anza na ya chini:

```
SELECT pg_cancel_backend(4321);
SELECT pg_terminate_backend(4321);
```

Ya kwanza hutuma SIGINT: kweri inafutwa, muunganisho unabaki. Ya pili hutuma SIGTERM: muamala unarudishwa nyuma na muunganisho unafungwa.

Ya kwanza haisaidii katika hali mbili ambazo utazikuta sana. Mchakato ulio `idle in transaction` hauna kweri ya kufutwa, kwa hiyo SIGINT hupita tu. Na mchakato uliokwama kwenye `ClientWrite` hausikii SIGINT katikati ya kuandika, kwa kuwa kukatiza ujumbe nusu kungevuruga mazungumzo yote na klayenti. Kwa hali zote mbili nenda moja kwa moja kwenye `pg_terminate_backend`.

Ukibonyeza Ctrl-C ndani ya psql, klayenti ya PostgreSQL ya mstari wa amri, ombi halipiti kwenye muunganisho ulio nao. psql hufungua muunganisho mpya, hutuma pid na namba ya siri iliyopewa mwanzoni, na seva ndiyo inayotuma SIGINT kwa mchakato husika. Ukuta wa moto unaoruhusu miunganisho iliyopo lakini ukazuia mipya utafanya Ctrl-C ionekane imekufa.

Usitumie `kill -9` kwa mchakato wowote wa PostgreSQL. SIGKILL, ishara ambayo amri hiyo hutuma, haishikiki, kwa hiyo mchakato hauna nafasi ya kuinua bendera yoyote. Postmaster ikiona mtoto amekufa hivyo, haiwezi kujua kama ameacha kumbukumbu ya pamoja ikiwa safi. Huwakata wote waliobaki kwa SIGQUIT, hutengeneza kumbukumbu upya na kupitia WAL, logi ya mabadiliko ya data. Watumiaji wako wote wataona `terminating connection because of crash of another server process` kwa sababu ya kweri moja. Kumpiga postmaster mwenyewe kwa SIGKILL ni vibaya zaidi, maana hata wa kusafisha hayupo tena.

Kerneli nayo hutuma SIGKILL, RAM inapokwisha. Kama logi yako ina `was terminated by signal 9: Killed` na hakuna binadamu aliyefanya hivyo, tafuta kwenye `dmesg`, logi ya kerneli. Kwenye seva iliyotengwa kwa hifadhidata peke yake, `vm.overcommit_memory=2` hupunguza sana hatari hiyo.

Hatua ya 7: Zima seva kwa ishara inayofaa

Postmaster inaelewa njia tatu za kuzimwa. SIGTERM ni ya upole: haipokei wapya, inasubiri waliopo waondoke wenyewe. SIGINT ni ya haraka: inarudisha nyuma miamala, inakata miunganisho, inaandika checkpoint (mabadiliko yote yaliyo kwenye RAM hupelekwa diskini) na kuzima kwa usafi. SIGQUIT ni ya papo hapo: hakuna checkpoint, na seva itakapowashwa itapitia WAL kwanza.

Unayoihitaji karibu kila siku ni SIGINT, ambayo ni sawa na `pg_ctl stop -m fast` na ndiyo chaguo la kawaida la `pg_ctl` tangu toleo la 9.5. Ile ya upole ina jina zuri, lakini programu zenye miunganisho ya kudumu haziondoki kamwe, na seva itabaki imekataa wapya huku ikiwasubiri wa zamani.

Zana nyingi za kuendesha huduma hutuma SIGTERM zikitaka kuzima. Docker husubiri sekunde 10, Kubernetes sekunde 30, kisha huja SIGKILL. Yaani ombi la upole lisiloisha, likifuatiwa na kifo cha ghafla. Picha rasmi ya PostgreSQL ya Docker imeweka `STOPSIGNAL SIGINT` kwa sababu hii. Ukijenga yako, weka mstari huo. Ongeza muda pia, kwa `docker stop -t 120` au `terminationGracePeriodSeconds`, maana checkpoint kubwa inaweza kuzidi sekunde 30. Kutoa amri ya `CHECKPOINT;` dakika moja kabla ya kuzima hufupisha kusubiri huko.

Kama kontena yako huanza na skripti ya shell, mstari wa mwisho uwe na `exec`, la sivyo shell hubaki pid 1, yaani mchakato wa kwanza wa kontena, ishara inaishia kwake, na postmaster haipati habari. Kwa systemd, andika hivi:

```
Type=notify
KillMode=mixed
KillSignal=SIGINT
TimeoutSec=infinity
```

`Type=notify` inahitaji PostgreSQL iliyojengwa kwa `--with-systemd`. `KillMode=mixed` huhakikisha ishara inakwenda kwa postmaster peke yake; kuwatangazia watoto ni kazi yake.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya siku ya tukio

Fanya haya kwenye mashine ya majaribio. Fungua psql kutoka mashine nyingine, endesha `SELECT pg_sleep(600);`, kisha ua hiyo psql kwa `kill -9`. Ni klayenti, haidhuru mtu. Tazama `pg_stat_activity`: `client_connection_check_interval` ikiwa 0, mchakato utakaa mpaka dakika kumi ziishe, ikiwa `10s`, utaondoka ndani ya sekunde chache.

Kisha iga kebo iliyokatika:

```
iptables -A INPUT  -p tcp --dport 5432 -s 10.0.0.9 -j DROP
iptables -A OUTPUT -p tcp --sport 5432 -d 10.0.0.9 -j DROP
```

Fuatilia kwa `ss -tno 'sport = :5432'`; sehemu ya `timer` itakuonyesha keepalive ikihesabu hadi muunganisho ufungwe. Ukizidi dakika mbili, kuna mpangilio ambao haujashika.

Mwisho, washa pgbench yenye klayenti 20, zima seva kwa njia ile ile ambayo zana yako itaitumia siku ya kazi, iwashe tena, na usome mistari ya kwanza ya logi. Ukikuta `database system was shut down at`, ishara ilifika na kusikilizwa. Ukikuta `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`, SIGKILL imekutangulia mahali fulani. Rudi Hatua ya 7 na ukague muda wa kusubiri kwanza, kisha pid 1.